Swichi ya Mkono ya Kufunga Konveta ya Giaboksi ya Otomatiki: Breki Iwe na Kauli ya Mwisho



Wenye Hilux Surf na Prado za otomatiki, hasa wanaopita miteremko ya Kitonga au Mai Mahiu na mzigo, huomba wawekewe swichi kwenye dashibodi ili wafunge konveta wenyewe. Kupeleka umeme kwenye solenoidi si kazi ngumu. Ugumu uko katika kupanga nani amtii nani. Katika mada hii ninatetea jambo moja: dereva apewe swichi yake, lakini breki iwe na kauli ya mwisho, na waya wa swichi hiyo ukikatika au fyuzi yake ikiungua, konveta isibaki imefungwa kwa mkono.

1. Konveta na klachi yake

Ndani ya konveta, pampu inayozungushwa na injini husukuma mafuta ya ATF, nayo mafuta huzungusha tabini iliyounganishwa na shafti ya kuingilia giaboksi. Kwa kuwa kinachosukuma ni mafuta tu, tabini huzunguka taratibu kidogo kuliko pampu. Tofauti hiyo ndiyo inayoliwezesha gari kusimama huku injini ikinguruma, lakini nguvu inayopotea hapo hugeuka joto. Ndiyo maana kampuni ya Packard ya Marekani iliweka klachi ya kufunga konveta katika giaboksi yake ya Ultramatic mwaka 1949. Klachi hiyo ikishika, injini na shafti huzunguka kama kitu kimoja.

Katika giaboksi za Toyota za familia ya A340, zilizofungwa kwenye Hilux Surf nyingi za miaka ya 1990, klachi hiyo huamriwa na solenoidi. Kompyuta ya gari ikiipa volti 12, vali hugeuza njia ya mafuta na klachi hushika.

2. Kwa nini dereva anaitaka swichi

Kompyuta hufungua konveta dereva anapoachia kabisa pedeli ya mafuta, na pia anapokanyaga breki. Kwa safari za mjini uamuzi huo ni mzuri, kwa sababu gari halishtuki. Lakini mteremkoni dereva huachia pedeli ya mafuta ili injini imsaidie kulizuia gari, na papo hapo konveta hufunguka, nguvu ya injini ya kuzuia hupungua, mzigo mwingi ukaangukia breki. Mlimani nako, gari linapopanda polepole na tela, konveta iliyo wazi hupasha ATF moto, na ATF iliyopata joto kupita kiasi huzeeka haraka na kuua klachi na sili za giaboksi.

3. Kupima kabla ya kukata

Zima gari, chomoa soketi ya giaboksi, kisha pima kati ya waya wa solenoidi ya konveta na bodi ya giaboksi. Solenoidi ya kuwaka na kuzima ya A340 husoma omu 11 hadi 15 ikiwa baridi, na ethi yake ni bodi yenyewe. Ipe volti 12 kwa muda mfupi: utasikia "tak" ndani ya giaboksi. Usiposikia, tatizo si la swichi, na kuweka swichi hakutalitibu.

Ukipata omu 5 au pungufu, acha kazi hiyo. Kuna uwezekano mkubwa kuwa hiyo ni solenoidi inayoendeshwa na kompyuta kwa mapigo ya umeme, na volti 12 mfululizo zitaiunguza. Giaboksi ya namna hiyo inahitaji kifaa chake maalumu.

4. Mpangilio wa waya

Tumia rilei ya miguu mitano. Kata waya wa solenoidi karibu na kompyuta. Upande unaotoka kwenye kompyuta uende mguu wa 87a, na upande unaokwenda kwenye solenoidi uende mguu wa 30. Rilei ikiwa imelala, kompyuta inaendelea na kazi yake kama ilivyotoka kiwandani. Mguu wa 87 upate umeme wa swichi ya ufunguo kupitia fyuzi ya ampia 3, kwani solenoidi hula takriban ampia 1 tu. Fyuzi hiyo iwekwe mahali dereva anapoweza kuifikia akiwa amekaa.

Koili ya rilei ndiyo penye ufundi. Mguu wa 86 upate umeme kupitia swichi ya dashibodi. Mguu wa 85 usiupeleke ethi moja kwa moja. Uunge kwenye waya wa taa za breki, baada ya swichi ya breki. Breki isipokanyagwa, koili hupata ethi kupitia nyuzi za balbu na rilei hushika. Breki ikikanyagwa, volti 12 hufika pande zote mbili za koili, mkondo hukatika, na konveta hufunguka kabla gari halijasimama. Balbu zote zikiungua, rilei haishiki kabisa.

Njia hii inataka balbu za kawaida. Gari lenye taa za LED liwekewe rilei ya pili: koili yake iamshwe na waya wa taa za breki, na miguu yake ya 30 na 87a ipitishe umeme wa swichi ya dashibodi. Hapo mguu wa 85 wa rilei ya kwanza unaweza kwenda ethi.

Taa ya ishara iungwe kwenye mguu wa 30, isiungwe kwenye swichi. Ikiwa hapo, itamwonyesha dereva kama umeme umefika kwenye waya wa solenoidi, uwe umetumwa na kompyuta au na mkono wake. Mwambie pia mteja kwamba kompyuta ikikosa mzigo kwenye waya wake inaweza kuhifadhi msimbo wa hitilafu namba 64, ambao ni wa solenoidi hiyo.

5. Namna ya kuitumia

Klachi ya konveta haikutengenezwa kwa ajili ya kuondokea. Dereva aifunge gari likiwa gia ya tatu au ya nne, kwenye mwendo uliotulia. Aifungue kabla ya kubadili gia, kabla ya kukanyaga mafuta hadi mwisho, na kabla ya kuingia kwenye utelezi. Akiifunga huku injini ikivuta kwa nguvu zote, klachi itateleza na kuungua, na unga wake utasambaa kwenye vali za giaboksi.

6. Mapendekezo

Kwanza, gari lisitoke gereji kabla ya jaribio la barabarani: funga konveta kwa mkono, punguza mwendo kwa breki hadi gari lisimame, swichi ikiwa bado imewashwa. Injini ikitaka kuzimika, kazi haijaisha. Pili, mchoro wa waya ubandikwe ndani ya kifuniko cha fyuzi, ili fundi atakayefuata asifanye kazi kwa kubahatisha. Tatu, vyuo vyetu vifundishe rilei kwa mifano ya namna hii, ambapo mwanafunzi analazimika kujiuliza nini kitatokea kila sehemu ikiharibika. Fundi aliyezoea kuuliza swali hilo kwenye konveta ataliuliza pia kwenye feni ya rejeta na kwenye pampu ya mafuta, na abiria watakuwa salama zaidi kwa sababu yake.