Kuambiwa Akili Imeguswa: VVU na Kumbukumbu Mbeya na Iringa



Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima nchini wanaishi na VVU. Iringa ilikuwa 11.1, Mbeya 9.6. Dawa zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, hofu yetu ilikuwa kifo. Leo walioanza kumeza wakati ule wana wajukuu, na kliniki wanakuja na swali jingine: mbona nasahau?

Wengi hawaulizi. Mama muuza viazi wa Uyole akikosea chenji mara mbili, majirani watasema ana mawazo, naye atakubali. Si uongo: sonona na kukosa usingizi huvuruga kumbukumbu. Lakini VVU navyo huingia kwenye ubongo mapema, wiki chache baada ya maambukizi, vikajificha humo. Mtu aliyeambiwa virusi havionekani kwenye damu bado anaweza kupungukiwa kasi ya kufikiri.

Kipo kipimo kifupi cha kuchunguza hilo, kilichoandaliwa Uganda na Marekani na kuchapishwa 2005. Mtu anatajiwa maneno manne: mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Anagonganisha kidole gumba na cha shahada upesi kwa sekunde 5. Anaweka ngumi mezani, analaza kiganja, anakisimamisha kwa ubavu. Kisha anaulizwa yale maneno. Mtazame usoni anapolitafuta la nne: majibu ameshaanza kuyapokea kabla hujafungua mdomo. Alama 10 kushuka chini, kati ya 12, zinadai uchunguzi zaidi, si hukumu.

Akishaambiwa kwamba akili imeguswa, yuko anayeshusha pumzi: kumbe sikuwa mzembe. Yuko anayesikia neno kichaa hata kama hukulitamka, na hofu yake ya kwanza ni mali: ndugu wakijua, nani atamwachia auze mwenyewe miti yake ya mbao kule Mafinga? Na yuko anayezilaumu dawa. Huyu tusimkemee. Efavirenz, iliyomezwa usiku na watu wengi kabla ya dolutegravir kuanza kushika nafasi yake 2019, ililetea baadhi yao kizunguzungu na ndoto za kutisha. Tukiri hilo kwanza, ndipo tumweleze kwamba akiacha dawa virusi vitapata nafasi ya kuuumiza ubongo zaidi.

Ninachokishikilia ni hiki. Habari ya VVU tuliipangia mshauri, faragha na muda. Hii ya pili, ya akili, mara nyingi tunaitamka mlangoni, mtu ameshabeba mfuko wa dawa za miezi 6. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri yake, basi yeye ndiye achague wa kukaa naye siku ya kuelezwa. Apimwe presha na sonona, aulizwe kuhusu ulanzi bila kusutwa. Saa ya dawa ifungamane na jambo asilolikosa, kama taarifa ya habari ya redio saa 2 usiku. Na kadi yake iandikwe tarehe ya kurudi, pamoja na huyo aliyemchagua.