Siku Moja Baharini Kilwa



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya utumishi serikalini. Nimekaa katika kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini, na nawaambieni kweli, habari za majalada zitawalaza kabla chai haijaletwa. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, nitawasimulia siku moja ya mwezi wa Julai tuliyoitumia baharini Kilwa, katika motaboti ya mwenzetu aliyemaliza hapa mwaka mmoja nami. Jina lake silitaji, maana yumo ukumbini na ameniomba hivyo.

Boti ni ya faiba, urefu wake mita 7, ina mashine mbili nyuma na turubai la kivuli. Tulikuwa watu sita: wanne tuliosoma pamoja, kijana wa mashine, na mzee mmoja wa Kilwa Kisiwani aliyekodiwa awe nahodha. Mzee huyo aliacha shule darasa la nne. Sisi wanne tulikuwa na digrii tano kwa jumla. Hesabu hiyo naitaja kwa sababu baadaye mchana ilitajwa kwa sauti kubwa.

Kwanza nieleze habari za maji, kwani wanafunzi wa jiografia wamo humu. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, yaani bamvua. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Tena hayashuki kwa mwendo mmoja. Ukikigawa kina hicho mafungu 12, saa ya kwanza huondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, kisha 2, na mwisho 1. Basi katika saa mbili za katikati nusu ya maji yote imekwenda. Kanuni hii imo katika vitabu vya mabaharia wa Ulaya. Mzee wetu hakutaja mafungu, alisema tu, "Maji ya saa moja asubuhi yanakimbia, wanangu. Pandeni."

Tukang'oa nanga Kilwa Masoko. Mbele yetu Gereza la Kisiwani lilikuwa limesimama ufukweni, na nyuma yake magofu ya Msikiti Mkuu. Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga Husuni Kubwa juu ya jabali. Wengi huuliza kwa nini mji mkubwa hivyo ulikuwa hapa. Jibu moja ni upepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ikavirudisha. Kilwa iko karibu na mwisho wa mahali ambapo chombo kiliweza kufika na kurudi katika mwaka mmoja. Dhahabu ya Sofala, kusini zaidi, ilipitia mikononi mwa watu wa Kilwa. Hata Australia ya kaskazini, katika kisiwa cha Marchinbar, ziliokotwa sarafu 5 za shaba za Kilwa mwaka 1944, na wataalamu hawajakubaliana zilifikaje huko.

Songo Mnara tulifika baada ya saa mbili. Mwenye boti alitaka tuingie mpaka kwenye mikoko tusilowe. Mzee akatia nanga mbali, bila maneno mengi, nasi tukavua viatu tukatembea majini. Saa nne, tukiwa kwenye kuta za mji ule wa karne ya 14 hadi ya 16, niligeuka nikaona pale penye mikoko pamekuwa tope tupu, na boti yetu inaelea huko nje kwa raha zake. Magofu haya na yale ya Kisiwani yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014, kisha yakatolewa baada ya kukarabatiwa. Mwenye nafasi na ayaone. Mimi sitayamaliza kwa maneno.

Neno lenyewe lilizuka baada ya chakula. Mwenye boti alitaka tutoke nje ya mlango, upande wa bahari kuu, tukavue nguru, tukarudi saa kumi na moja. Kusi ilikwisha kuamka. Mzee akatazama nje, akasema, "Kutoka tutatoka, mwanangu. Mashaka ni kurudi." Akaeleza: baada ya saa kumi maji yataanza kutoka mlangoni, na mawimbi ya kusi yatakuwa yanaingia, vikikutana, wimbi husimama wima kama ukuta, na boti fupi haina pa kushika.

Hapo ndipo zilipotajwa zile digrii tano, na nguvu za mashine, na pesa ya kukodi.

Mzee hakukasirika. Alichukua kikapu chake, akateremka majini, akasema boti ni mali ya mwenyewe na yeye atarudi kwao kwa ngalawa. Tukanyamaza. Mara kijana wa mashine naye akateremka, akasimama karibu na mzee, maji yakimfika magotini. Kijana yule ni mwajiriwa wa mwenye boti, ana mke na mtoto mchanga, na hakusema hata neno moja.

Tulivua ndani, tukapata changu wachache. Jioni tulipopita Sanje ya Kati tuliuona mlango kwa mbali, mweupe wa povu toka upande huu hadi ule. Mashua mbili za wavuvi zilikuwa zimetia nanga upande wa ndani, zinangoja.

Katika meli kubwa, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unamkataza mwenye meli kumzuia nahodha asitoe uamuzi wa usalama. Katika boti ya mita 7 nahodha ni kibarua wa siku, na ulinzi wake ni kikapu chake na miguu yake. Jambo hili nimeliandikia dokezo ofisini. Dokezo limo katika jalada, nami nalifuatilia.

Mwenzetu, kwa uungwana wake, amekubali kuwachukua wanafunzi wanane wa jiografia likizo ijayo, kwa petroli yake. Nahodha ni mzee yule yule, na mashine atashika kijana yule yule. Kila mmoja avae jaketi ya kuokolea maisha tangu gatini hadi gatini. Majina yapelekwe kwa mwalimu wa jiografia kabla ya Ijumaa. Siku ya safari ataichagua mzee.