Doa Chini ya Trekta

Mwezi wa Februari ukifika, wenye mashamba upande wa Kieni huanza kumtafuta mwenye trekta, kwa maana mvua ndefu haimngoji mtu. Na trekta lenyewe mara nyingi ni la zamani: Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, yenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu. Bado yanalima, lakini asubuhi ukitazama pale lilipolala, utaona doa jeusi ardhini.

Mwenyewe hufanyaje? Huchomoa kijiti cha kupimia, hutikisa kichwa, huongeza oili, huenda shambani. Kesho vile vile. Siku atakayosahau, injini itashikana katikati ya shamba la mjane aliyekwisha kulipa.

Mwingine hushika spana na kukaza kila bolti anayoiona. Huyo huongeza hasara. Gasketi ya kifuniko cha juu ikibanwa mno hupasuka, na palipokuwa na tone sasa pana mfereji.

Fundi mzuri huanza na brashi na mafuta ya taa. Huosha injini yote, huikausha, kisha huiwasha na kuiacha ipate moto. Halafu hutazama, akianzia juu. Oili hutiririka chini, na upepo wa feni huisukuma nyuma, kwa hiyo mahali inapodondoka mara nyingi sipo inapotokea. Watu hufungua sampu bure, kumbe kuvuja kuko kwenye kifuniko cha juu.

Tena iko sababu ambayo wengi hawaiulizi. Injini ina bomba la kupumulia. Likiziba kwa uchafu, au ringi za pistoni zikiisha, hewa chafu hujaa ndani na kuisukuma oili nje kila penye udhaifu. Tia gasketi mpya leo. Juma lijalo itavuja tena. Mfalme Daudi alipomwita Uria kutoka vitani ili afiche jambo lake, alikuwa akikaza bolti za nje tu, na kila alipokaza palivuja pengine, hata mtu akafa. Na nyumbani kwetu je? Tunagombania sukari mezani, na shina la ugomvi ni neno la mwaka juzi ambalo hakuna aliyeliombea radhi.

Kazi ngumu kuliko zote ni oili inayodondoka kwenye tundu dogo chini ya nyumba ya klachi. Tundu hilo liliwekwa makusudi, oili isije ikajaa humo na kuharibu klachi. Anayeliziba kwa kijiti anajidanganya. Ikiwa inayovuja ni sili ya nyuma ya krenki, ambayo katika injini hii ni ya kamba, basi trekta sharti litenganishwe vipande viwili, injini mbele na gia nyuma, kila upande ukiegemezwa imara, maana uzito ule ukiteleza huua. Nani apendaye kusikia hayo Februari, wateja wakiwa wamepanga foleni?

Hapo ndipo jaribu huingia. Mtu huliosha trekta likang'aa, akaliuza kabla tone halijaonekana, na mnunuzi analipa kwa mkopo wa chama. Ndugu yangu, huo ni wizi, hata kama kinywa chako hakikusema uongo. Mwonyeshe doa, mpatane bei.

Mkishalifungua, oili chafu ikingeni kwenye debe, wala isimwagwe mtaroni. Mto wa Naro Moru huingia Ewaso Ng'iro, na huko chini wako watu na ng'ombe wanaokunywa maji hayo. Na lile bomba la kupumulia, lisafisheni leo kabla ya kwenda shamba. Halihitaji fundi.