KUMBUKUMBU ZA CHAMA NJE YA KABATI

(Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mkulima wa korosho anapofikisha magunia yake katika ghala la chama, halipwi papo hapo. Mzigo hupimwa, karani huandika kilo na daraja, mkulima hupewa stakabadhi, kisha husubiri mnada. Katika siku hizo za kungoja, jasho lake la mwaka mzima limo katika maandishi tu: karatasi moja mfukoni na mstari mmoja katika leja ya chama. Karatasi ya mfukoni hulowa mvua, au hufuliwa pamoja na shati. Ikiwa leja nayo imeungua, au imeliwa na mchwa (ambao hawaanzi na daftari la zamani), mkulima hana ushahidi wa kudai haki yake.

Kwa sababu hiyo vyama havina budi kuutazama utaratibu uitwao hifadhi ya wingu. Jina hilo lisimtishe mtu; hakuna kinachopaa angani. Nakala ya faili husafirishwa kwa intaneti na kuwekwa katika kompyuta kubwa za kampuni fulani, katika majengo ya mbali yenye walinzi na umeme wa akiba. Ofisi ya chama ikiteketea usiku, asubuhi katibu aweza kuifungua nakala ile kwa simu au kompyuta nyingine yoyote yenye mtandao. Mkaguzi wa hesabu naye, akipewa ruhusa, aweza kuipitia leja kabla hajafunga safari.

Gharama si kubwa. Google, kwa mfano, hutoa nafasi hadi gigabaiti 15 bila malipo, ingawa humo humo huhesabiwa pia barua pepe. Ukurasa wa leja uliopigwa picha kwa simu ukichukua megabaiti 3, nafasi hiyo hutosha kurasa zipatazo 5,000. Kinachobaki ni fedha ya bando na, lililo gumu zaidi, nidhamu ya karani kupiga picha kila jioni baada ya mizani kufungwa.

Haifai kudhani kwamba kilicho winguni hakiungui. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kompyuta la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walirejea kazini. Baadhi ya wale walioweka kila kitu pale pale walipoteza kumbukumbu zao kabisa. Tena tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani. Leja ya karatasi, basi, ibaki mezani.

Hatari iliyo karibu zaidi ni ya ufunguo. Katika vyama vingi anayejua kompyuta ni mtu mmoja, naye hufungua akaunti kwa jina lake na kwa namba ya simu yake. Akihama, akifariki, au akigombana na Bodi, chama hubaki nje ya mlango wa mali yake chenyewe. Akaunti na ifunguliwe kwa jina la chama, kwa laini ya simu ya chama, na neno la siri litiwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la fedha. Akaunti binafsi ya Google isiyotumiwa kwa miaka 2 yaweza kufutwa.

Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Majina, namba za benki na madeni ya wanachama ni taarifa za namna hiyo, na kompyuta za kampuni hizi nyingi ziko ng'ambo. Bodi ipate ushauri kwanza.

Kisha kabla ya msimu kufunguliwa, katibu achukue simu ambayo si yake, mbele ya Kamati ya Usimamizi, atafute ukurasa wa mwanachama yeyote wa mwaka uliopita, na kilo zake zilinganishwe na leja.