Ndimu ya Supu

Mgeni rasmi, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu 12 wa nyumba hii ya kuacha heroini mliokaa mbele kwa mashati ya kupigwa pasi: hongereni.

Siku yangu ya 94 bila unga niliingia mgahawani Temeke kunywa supu. Bakuli likaja, pembeni yake kisahani chenye ndimu iliyokatwa nusu. Jasho likanitoka mgongoni, tumbo likasokota kama siku ya kwanza ya arosto. Waliokuwa wakijidunga wameshanielewa. Wazazi niwaambie tu kwamba tulikuwa tukiyeyusha unga kwa ndimu, na ubongo ulipoiona ukajua mzigo umefika. Miezi mitatu nilikuwa nikijipanga kumkwepa pusha na maskani yake, kumbe kilichonivizia kipo kwenye kisahani.

Nikalipa supu nisiyoinywa, nikampigia simu mlezi wangu, aliyenisimamia katika kuacha unga. Hakunihubiria. Alisema, "Tembea, huku unaongea." Tukaongea habari za Simba na Yanga, wala sizipendi. Nusu saa haikuisha, hamu ilikuwa imeshuka.

Ndivyo hamu ilivyo: hupanda, hufika juu, hushuka. Usikae kuitazama ili ujipime ubavu. Wengi niliowaona wakianguka hawakuwa dhaifu. Walijiamini, wakapita maskani "kusalimia tu". Wengine ilikuwa njaa, ugomvi wa nyumbani, au mshahara wa kwanza ulipoingia kwenye simu. Kwa hiyo wazazi, msimjaze kijana fedha mkononi ili kumwonyesha mnamwamini, na msimnuse kila akirudi. Muulizeni kama amekula.

Na atakayelazimika kwenda kunywa methadoni, dawa mbadala ya unga inayotolewa Muhimbili tangu 2011, asichekwe na yeyote kati yenu. Nimesikia maneno ya kejeli humu ndani, na hayanipendezi. Anayekunywa dawa yake kila asubuhi mbele ya muuguzi naye anapona.

La mwisho nalisema polepole. Mwili uliokaa miezi bila unga haukiwezi tena kipimo cha zamani. Kete uliyokuwa ukiimaliza bila kusinzia, leo inaweza kukuua. Tumezika wenzetu kwa namna hiyo, tena waliokwisha hitimu. Ukianguka, usijifungie chumbani kwa aibu. Rudi hapa hata kama ni saa nane za usiku. Simu ya usiku naipokea mimi.