Ziwa halipimwi kwa ekari



Wahenga walisema mtembea bure si mkaa bure. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma wengi wetu huipita tumesinzia, kichwa kimeegemea dirisha la basi, tukazinduka Bunda. Hatuitendei haki. Ni barabara chache nchini ambazo kwa siku moja hukupitisha kati ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na Hifadhi ya Serengeti. Jumamosi moja ya kiangazi niliamua kuisafiri polepole hadi Bunda, kwenda na kurudi.

Tulitoka Buswelu saa kumi na mbili asubuhi, tukaingia barabara kuu pale Nyakato. Ukishapita Igoma, mji unapungua na majabali ya Usukuma yanashika zamu. Kisesa tulichepuka hadi Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Huko utaziona ngoma za watemi, na utasikia habari za Bagika na Bagalu, wachezaji wa pande mbili ambao hushindana wakati wa sikukuu ya Bulabo, mwezi Juni. Mkazi wa Mwanza ambaye hajafika Bujora asimcheke mgeni.

Baada ya Magu, Ghuba ya Speke iko kushoto kwako, mara inaonekana, mara inajificha nyuma ya mashamba. Ina jina la Mwingereza aliyeliona ziwa mwaka 1858 akalipa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa na jina lao, Nyanza, tena walikuwa na kazi nalo. Kazi hiyo ndiyo iliyonivutia kuliko mandhari. Ng'ombe wanateremshwa kunywa, nyanya na mchicha vinamwagiliwa kwa ndoo, dagaa wameanikwa, akina mama wamejitwika beseni za samaki. Lamadi tulikula ugali kwa sato. Mama ntilie aliyetupakulia alinieleza kwamba mwaka ule mahindi yake yalikauka, lakini ziwa halikukauka, na ada ya watoto ilipatikana.

Mbele kidogo ni Ndabaka, lango la magharibi la Serengeti, kiasi cha kilometa 140 kutoka Mwanza. Hapo barabara inapita katikati ya kiu mbili. Kulia kuna nyumbu, pundamilia na tembo. Mito kama Mbalageti ikipungua maji wakati wa kiangazi, wanyama hao hulielekea ziwa, nao hawajui alama za barabarani. Dereva, punguza mwendo! Kushoto ni ufukwe ambao watu wameutegemea miaka mingi.

Ndipo unapofika upande wa Nyatwali, wilayani Bunda. Miaka ya 2020 serikali iliamua wakazi wa kata hiyo wahame ili wanyama wapate njia ya kufikia maji. Sababu zilitajwa, na si za kupuuzwa. Tembo walikuwa wakila mazao na kuhatarisha maisha, na hifadhi isiyo na maji ni jina tu. Lakini suala la fidia lilizua malalamiko ya muda mrefu.

Mimi sipingi nyumbu kunywa maji. Ninachouliza ni namna tunavyohesabu. Mthamini hupima shamba, huhesabu vyumba na miembe, kisha hujumlisha. Mtu wa ufukweni ana mali nyingine isiyoenea kwenye futi kamba. Ana mahali pa kuegesha mtumbwi, maji ya mifugo bila bomba, kitoweo bila fedha, na bustani isiyongoja mvua. Mpe ekari ileile kilometa thelathini kutoka ziwani, umempa udongo tu. Samaki aliyekuwa akimvua sasa atamnunua.

Kwa hiyo, popote serikali inapomwondoa mwananchi ufukweni, swali la kwanza liwe: huko anakokwenda, maji yako wapi? Kisima kichimbwe kwanza, lori la kuhamisha vyombo lifuate.

Nawe msikilizaji, ukiwa na Jumamosi moja, ipite barabara hii ukiwa macho. Kaa dirisha la kushoto wakati wa kwenda, na la kulia wakati wa kurudi. Utaliona ziwa, na utawaona walio kando yake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.