Figo Kwanza, Ndipo Platini



Wahitimu, nitazungumza juu ya ugonjwa mliokua nao. Hapa Msambweni, pwani ya Kenya, watafiti wamekifuatilia kichocho cha mkojo tangu miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliwaweka minyoo wake miongoni mwa visababishi vya saratani. Mtoto huoga kwenye bwawa lenye konokono wanaobeba minyoo hao, akakojoa damu, watu wazima wakasema itapita. Mayai ya minyoo hubaki ndani, yakakwaruza kibofu miaka na miaka.

Kibofu kikishapata saratani, dawa moja kubwa ni sisplatini. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, kule Michigan, Marekani, alikuwa akijaribu umeme kwenye bakteria, akaona wameacha kugawanyika. Sababu haikuwa umeme, bali platini iliyomomonyoka kutoka kwenye elektrodi. Dawa iliidhinishwa Marekani mwaka 1978. Hung'ang'ania DNA mpaka seli ishindwe kuzaliana. Lakini haichagui: huumiza figo, huharibu masikio. Na mgonjwa aliyeishi na kichocho huenda mirija yake ya mkojo imekwisha kuzibwa na makovu, figo zimechoka. Anayeihitaji zaidi ndiye asiyeweza kuistahimili. Hilo linaniuma.

Ndiyo maana wanakemia wanaunda platini inayosafiri kama kisu ndani ya ala. Badala ya mikono minne ina sita, hivyo hutulia kwenye damu. Ikiingia ndani ya seli, kemikali za humo huivua miwili, ikabaki platini ya mikono minne, kama sisplatini. Kwenye mikono ile ya ziada unaweza kufunga kitu cha kuielekeza kwenye uvimbe. Mojawapo ya dawa hizo, satraplatini, ilifika majaribio makubwa ya saratani ya tezi dume, haikurefusha maisha, haikuidhinishwa Marekani. Kazi inaendelea, nami naiamini.

Lakini mgonjwa wa kesho hawezi kuisubiri. Ninyi wa maabara, chukueni mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapokuwa mengi, mkalitafute lile lenye mwiba mwishoni. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ipo. Wauguzi, kabla ya kutundika dripu ya sisplatini, ulizeni kreatinini ni ngapi, na maji yametosha? Mgonjwa akisema masikio yanavuma, mwambieni daktari siku hiyohiyo, kabla ya mzunguko unaofuata.